Kumnunulia kijana farasi wa kuruka viunzi: mmiliki, yadi, dalali, mnada au kukodi?

Farasi wa kijana anayekua katika mchezo wa kuruka viunzi hupatikana kwa njia tano: kwa mmiliki binafsi, kwenye yadi ya mfanyabiashara, kupitia dalali, mnadani, au kwa kumkodi msimu mzima. Njia hizi hazilingani, na tofauti yake haiko kwenye bei tu. Hapa tunazipima kwa kitu kimoja: ni ipi inayompa mnunuzi muda wa kumjua farasi, pamoja na rekodi ya kuthibitisha anachoambiwa. Kwa kipimo hicho kukodi kunapata nyota tano, mmiliki binafsi nne, yadi tatu, dalali mbili hadi nne kutegemea nani anamlipa, na mnada moja.

Kabla ya njia, farasi mwenyewe. Kijana anayeruka sentimita 90 hadi mita 1.10 anahitaji farasi wa miaka 9 hadi 14, ambaye ameshawahi kumaliza mashindano ya mita 1.20 au 1.30 bila shida, na ambaye kazi ya sasa kwake ni nyepesi. Akiba hiyo ya uwezo ndiyo bidhaa mnayoinunua. Hatua moja ya farasi akienda shoti ni kama mita 3.65, na kwenye kiunzi cha mita 1.10 anatakiwa aondoke chini akiwa karibu mita 1.8 kabla ya fito. Kijana atakosea mahali pa kuondokea. Atafika karibu mno, au atamwachia farasi akiwa mbali. Farasi mwenye akiba anajikunja au anajinyoosha, anavuka, kisha anaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Farasi anayeruka kwenye kikomo cha uwezo wake hana pa kuchota, na makosa kumi ya namna hiyo yanatosha kumfundisha kugoma.

Ndiyo maana hatukubaliani kabisa na wazazi wanaonunua farasi wa miaka mitano "ili wakue pamoja". Farasi wa umri huo bado anajifunza kubadilisha mguu wa kuongoza, bado anaogopa kiunzi cha maji, na anahitaji mtu anayejua wakati wa kumsaidia na wakati wa kumwacha ajifikirie. Mtu huyo si mtoto wa miaka 13. Uzao mzuri haubadilishi hilo. Jina la baba kutoka vitabu vya uzao kama Holstein ya Ujerumani au KWPN ya Uholanzi linaeleza anachoweza kuruka siku moja, wala haliahidi kwamba atamvumilia anayejifunza.

Urefu nao una hesabu yake. Kwa kanuni za FEI, shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, poni hazidi sentimita 148 bila viatu vya chuma, au 149 akiwa navyo, na anapandwa na mtoto kuanzia mwanzo wa mwaka anaotimiza miaka 12 hadi mwisho wa mwaka anaotimiza 16. Kundi la watoto wanaopanda farasi wakubwa ni miaka 12 hadi 14, na junia ni 14 hadi 18. Mtoto wa miaka 14 akinunuliwa poni leo, saa ya kumuuza tayari imeanza kugonga. Poni mzuri huuzika haraka kwa sababu kila mwaka kuna watoto wanaomzidi kimo na wengine wanaomfikia, lakini mwenye poni lazima atangaze mapema, kabla mwaka wa mwisho haujaisha.

Kukodi

Ndiyo njia tunayoipendekeza ianze. Familia inachukua farasi kwa miezi 6 au 12, inalipa gharama zake zote (chakula, viatu vya chuma, daktari wa mifugo, bima) pamoja na ada ya kukodi ikiwa ipo, kisha inamrudisha au inamnunua. Msimu mmoja unafunua yale ambayo majaribio mawili hayawezi: anavyokuwa akisafiri kwenye gari, akilala banda geni, akiruka siku tatu mfululizo, akikaa wiki mbili bila kazi nzito.

Kinachoharibu mikataba ya kukodi ni mambo yasiyoandikwa. Andikeni urefu wa juu anaoruhusiwa kuruka na idadi ya siku za mashindano kwa mwezi, nani anachagua fundi wa kwato na daktari, na nani analipa akichechemea katikati ya msimu. Jambo moja husahaulika karibu kila mara: ada inaendelea au inasimama wakati farasi ni mgonjwa? Mpimeni farasi kwa daktari siku ya kumpokea, mpigeni na picha za miguu, hata kama hamnunui. Bila hivyo, kovu la zamani litakuwa deni lenu siku ya kumrudisha. Mkipenda kumnunua baadaye, bei ikubalike sasa na iandikwe, pamoja na sehemu ya ada itakayokatwa kwenye bei. Farasi akishinda mkononi mwa mtoto wenu bei yake itapanda, na si haki mlipie kazi mliyoifanya wenyewe.

Mmiliki binafsi

Hapa uzuri ni kwamba mara nyingi mnunuzi anakutana na kijana mwingine aliyekuwa anampanda farasi huyo huyo, kwenye mashindano yale yale, na sababu ya kuuza inaonekana kwa macho: miguu imepita mbavu za poni, au masomo yamezidi. Huo ni ushahidi ambao hakuna muuzaji wa kitaalamu anayeweza kuutengeneza.

Hata hivyo tangazo lisomwe kwa makini. "Anahitaji mpandaji mwenye uzoefu" maana yake ana nguvu au ana hila. "Yuko mbele" maana yake anakimbilia viunzi. "Ana uwezo mkubwa" bila rekodi ya mashindano ni maneno matupu. "Hajapimwa kwa sababu hajawahi kuumwa" ni sababu ya kumpima.

Kisha fungueni rekodi. Farasi aliyeshiriki mashindano ya kimataifa matokeo yake yako kwenye hifadhidata ya FEI, wazi kwa mtu yeyote. Aliyeruka ya kitaifa yuko kwenye kumbukumbu za shirikisho la nchi yake. Wengi wanatafuta ushindi, na hapo ndipo wanapokosea. Kwa kijana, tafuteni mizunguko iliyokamilika. Kila ufito unaoanguka ni pointi 4 za makosa, na kugoma mara ya kwanza pia ni 4. Kwa hiyo orodha ya 4, 0, 4, 8, 0 haisemi mengi mpaka muulize makosa yalitoka wapi. Farasi anayeangusha ufito mmoja kila mashindano ni mwalimu mzuri tu. Farasi mwenye kuondolewa mara mbili katika mizunguko kumi huenda anagoma, kwa sababu kwenye kanuni za kimataifa kugoma mara ya pili kunakutoa, na kuanguka vilevile.

Baada ya hapo tazameni mapengo. Miezi minne ya ukimya katikati ya msimu huwa ni jeraha, hata kama muuzaji anasema farasi alikuwa "anapumzishwa". Ulizeni tarehe kamili na mumwombe daktari aliyemtibu awafungulie kumbukumbu. Tazameni pia waliompanda: farasi anayefanya vizuri na mtaalamu mmoja, kisha akaharibika kwa wapandaji watatu wa chini, hafai hata akiwa mrembo namna gani. Na aliyeruka mita 1.40 miaka miwili iliyopita, sasa anaruka mita 1.15, huenda ndiye mnayemtafuta au ndiye anayeanza kuumwa. Daktari ndiye atakayetenganisha hayo mawili.

Yadi ya mfanyabiashara

Faida ni wingi. Kwa siku moja kijana anapanda farasi wanne, na kocha anaona mwili wake unaelewana na mwendo wa aina gani. Katika nchi nyingi mnunuzi wa kawaida analindwa zaidi na sheria anaponunua kwa mfanyabiashara kuliko kwa mtu binafsi, na yadi inayojali jina lake itakubali kubadilisha farasi asipofaa.

Ubaya ni kwamba farasi yuko hapo wiki chache tu, historia yake imekatika, na kila siku anapandwa na mtaalamu mwenye miguu ya chuma. Siku kumi baada ya kufika nyumbani, mkononi mwa kijana, anarudi kuwa yule aliyekuwa. Ombeni jina la mmiliki aliyetangulia. Mpaka msikie kutoka kwake, hamjui mnachonunua. Neno la kubadilisha farasi liandikwe: kwa siku ngapi, kwa sababu zipi, na thamani yake itahesabiwaje. "Ukimrudisha tutazungumza" si kitu.

Tandiko nalo litazameni. Yadi nyingi hutumia tandiko moja kwa farasi wote likiwa na mito ya kujazia. Farasi aliyeonekana mgumu wa mgongo huenda anabanwa tu, na aliyeonekana laini huenda mito ndiyo iliyofanya kazi. Jaribuni la kwenu ikiwa linamkaa.

Dalali, na kocha anayefanya udalali

Hii ndiyo sehemu yenye malalamiko mengi kuliko zote, na haikupaswa kuwa hivyo. Dalali mzuri anajua farasi ambao hawajatangazwa, anawachuja kumi kabla kijana hajapanda hata mmoja, na anajua muuzaji yupi anaficha. Malipo ya asilimia 10 ya bei ni ya kawaida katika biashara hii, na kwa kazi hiyo yanastahili.

Tatizo ni dalali anayelipwa pande mbili. Mnunuzi anampa asilimia 10, muuzaji naye anampa asilimia 10, na katikati bei imeongezwa bila mwenye farasi kujua. Pale ambapo mnunuzi na mmiliki hawaruhusiwi kuzungumza, pesa nyingi hupotelea njiani. Kocha wa mtoto akiwa ndiye dalali, mgongano unazidi, maana yeye ndiye pia atakayesema kama farasi anafaa. Baadhi ya makocha wanafanya kazi hii kwa uaminifu mkubwa, na hao hawasumbuliwi na maswali haya:

Nani anakulipa, na kiasi gani? Je, muuzaji anakulipa chochote? Bei anayopokea mwenye farasi ni ipi? Je, nitamlipa yeye moja kwa moja na kupata risiti yenye jina lake?

Majibu yaandikwe kwenye karatasi yenye saini kabla ya safari ya kwanza. Udalali ulipwe kando, kwa risiti yake. Anayekasirishwa na maswali haya amejibu tayari. Kocha anayesaidia kuchagua tu, bila udalali, mlipeni ada ya siku iliyo sawa hata msiponunua. Mshauri anayelipwa pale tu mnaponunua hana sababu ya kuwaambia mwondoke.

Mnada

Kuna minada mizuri duniani. Ule wa Hannover huko Verden, Ujerumani, una jina la miongo mingi, na farasi wanafika na picha za eksirei ambazo daktari wenu anaweza kuzisoma kabla. Kwa mfugaji au mpandaji wa kitaalamu, mnada ni soko safi: bei inaonekana na kila mtu.

Kwa kijana, hapana. Farasi wengi wa mnada ni wachanga, wa miaka mitatu hadi mitano, wameandaliwa kwa wiki kadhaa ili wang'are kwa dakika chache. Muda wa kuwajaribu ni mfupi na uko mbele ya watu, kwenye uwanja wanaoujua. Bei ya nyundo si bei ya kulipa. Juu yake kuna ada ya mnada, kodi, mara nyingine bima, na siku za kumlisha mpaka asafirishwe. Someni masharti muongeze hayo yote kabla ya kuinua mkono. Minada ya mtandaoni imerahisisha kosa hili, kwa sababu kitufe hubonyezwa usiku na mtu ambaye hajamgusa farasi.

Kununua kwa video peke yake tunakuweka kundi hilo hilo. Video ni ya kuchuja. Iombeni isiyokatwa: farasi akitembea na kwenda mchakamchaka kwenye ardhi ngumu, akitoka na kurudi kwa mstari ulionyooka, mizunguko miwili kamili ya mashindano, ukiwemo mmoja wenye makosa, dakika tano za kumtandika bandani. Zimeni sauti ya muziki, msikilize kwato. Mdundo usiolingana utausikia kabla ya kuuona.

Siku ya kumjaribu

Fikeni nusu saa kabla ya muda mliopatana. Farasi awe bandani, akiwa baridi. Mpapaseni shingo na chini ya mkanda wa tandiko. Jasho lililokauka maana yake ameshafanyishwa kazi asubuhi ili atulie. Tazameni ukingo wa mlango: ukiwa umetafunwa, huenda ana tabia ya kung'ata ubao na kumeza hewa. Mtazameni anavyotandikwa. Anayekunja masikio na kutaka kuuma mkanda unapokazwa ana maumivu ya mgongo, vidonda vya tumbo, au kumbukumbu za hayo.

Muuzaji au saisi wake apande kwanza. Hakuna mjadala hapa. Asiyetaka kumpanda farasi wake mwenyewe hana haki ya kumpandisha mtoto wa mwenzake. Baada yake apande kocha, kijana mwisho.

Kijana aanze kwa kutembea dakika tano akiwa ameachia hatamu, kisha mchakamchaka na shoti pande zote mbili. Aombe kusimama mara kadhaa. Farasi anayehitaji mikono miwili na mwili mzima kusimama kwenye uwanja tulivu hatasimama kwenye mashindano. Tazameni lijamu lililo mdomoni. Likiwa kali kwa kuonekana, ombeni laini la kawaida na muone mabadiliko.

Kuruka kuwe kwa mpangilio huu, na jumla isizidi viunzi 15. Fito chini kwanza, kisha fito mbili zilizopishana katikati, kisha kiunzi wima cha sentimita 80, kisha kipana cha urefu huo huo. Baadaye mstari wa viunzi viwili vyenye mita 22 kati yake. Hesabu yake ni mita 1.8 za kutua, mita 1.8 za kuondoka, na hatua tano za mita 3.65. Farasi akiufanya kwa hatua tano akiwa ametulia, mwendo wake ni wa kawaida. Akifanya nne anavuta. Sita, ni mfupi au mvivu, na kijana atalazimika kumsukuma kila mzunguko. Malizieni kwa mfululizo wa hatua moja, mita 7.3 hadi 7.6, kwa urefu ambao kijana tayari anaruka nyumbani. Siku ya majaribio si siku ya kuvunja rekodi.

Rukeni angalau kiunzi kimoja kwa kuliacha lango nyuma. Farasi wengi wanaruka vizuri wakielekea kutoka, na ukiwageuza upande wa pili unaona ukweli. Kijana akikosea, msimzuie. Kosa lake ndilo jaribio lenyewe: tazameni masikio na mkia wa farasi katika hatua tatu baada ya kutua. Anayesonga mbele kwa utulivu anasamehe. Anayekimbia ameudhika, na anayesita kwenye kiunzi kinachofuata ameanza kuhesabu makosa.

Mwangalieni pia muuzaji. Akimfunga farasi kinga nzito au zilizobanwa sana miguu ya nyuma, zitolewe. Kinga za namna hiyo humfanya arushe miguu ya nyuma juu kuliko kawaida, na kanuni za mashindano zinazibana kwa sababu hiyo. Kumgonga farasi miguu kwa fito ili aogope kugusa kunakatazwa kabisa. Farasi aliyeandaliwa hivyo anaruka juu sana kwa wiki moja au mbili, halafu anarudi alivyokuwa.

Rudini siku nyingine bila kuahirisha sana, na ikiwezekana mara ya pili iwe kwenye uwanja mwingine au mashindano. Mara hiyo kijana amtoe bandani, amsugue, amtandike na kumpandisha garini mwenyewe. Farasi asiyeingia kwenye gari ataharibu kila Jumamosi.

Daktari wa mifugo

Awe daktari wenu. Asiwe anayemtibu farasi huyo, hata akiwa bora mkoani mwao. Mweleze kazi kwa usahihi: "kijana wa miaka 14, mita 1.10 sasa, mita 1.20 baada ya miaka miwili, kisha tutamuuza." Daktari hasemi farasi amefaulu au ameshindwa. Anasema hatari ni kiasi gani kwa kazi hiyo.

Upimaji kamili una hatua tano: kumkagua akiwa amesimama, kumtazama akitembea na kwenda mchakamchaka kwenye mstari mgumu, kumfanyisha kazi ya kumchosha, kumpumzisha, na kumtazama tena. Msikubali kuruka hatua mbili za mwisho. Kuna farasi wanaochechemea baada tu ya misuli kupoa. Akiwa ametulia moyo wake upige kati ya 28 na 44 kwa dakika. Kila mguu ukunjwe kama dakika moja, kisha atoke mara moja kwa mchakamchaka. Azungushwe kwa kamba ndefu kwenye ardhi ngumu na laini. Ngumu inasema juu ya kwato na viungo, laini inasema juu ya kano. Baada ya shoti ndefu, pumzi isikilizwe. Mlio wa msumeno wakati wa kuvuta hewa unaashiria kupooza kwa upande wa koo, mara nyingi wa kushoto, na kamera ya koo itathibitisha.

Picha za eksirei ndizo zinazovunja na kuokoa biashara nyingi. Seti ya kawaida hufika picha 18 hivi: kwato za mbele na mfupa mdogo ulio nyuma ndani ya ukwato, vifundo vyote vinne, viungo vya nyuma vya juu na vya kati, mgongo huongezwa kwa farasi wa kuruka. Kipande kidogo cha mfupa kinachoelea kwenye kifundo cha nyuma, kwa farasi wa miaka 11 mwenye rekodi safi ya misimu minne, si lazima kiwatishe, ila kitapunguza bei mtakapouza, kwa hiyo kipunguze sasa. Mabadiliko kwenye ule mfupa mdogo wa ukwato wa mbele, pamoja na kusitasita kwenye mzunguko mgumu, ni sababu ya kuondoka. Uti wa mgongo wenye miiba inayogusana unahitaji kusomwa sambamba na farasi anavyopandwa, maana wengine wanaishi nao bila maumivu.

Damu itolewe. Gharama yake ni ndogo, na maabara nyingine huihifadhi miezi 6 bila kuipima mpaka shaka itokee. Kinachotafutwa ni dawa za maumivu kama fenilbutazoni na fluniksini, za uvimbe kama deksamethasoni, na za kutuliza. Nyingine za kutuliza hukaa mwilini wiki nyingi, na hapo ndipo farasi mpole wa majaribio anapogeuka siku ya arobaini. Daktari apapase pia nyuma ya vifundo kutafuta makovu ya mishipa ya fahamu iliyokatwa. Mguu uliopotezewa hisia hauchechemei, na kanuni za FEI zinamzuia farasi wa namna hiyo kushindana.

Karatasi na malipo

Chipu yenye tarakimu 15 isomwe shingoni na kulinganishwa na pasipoti, siku ya kupima na tena siku ya kupokea. Kwenye pasipoti someni chanjo za mafua moja moja. Kwa mashindano ya FEI ya mwisho lazima iwe ndani ya miezi 6 na siku 21 kabla ya kufika, na mpangilio uliokatika huanzishwa upya, jambo linalowagharimu wiki kadhaa za msimu.

Arubuni msiitoe bila karatasi inayosema inarudishwa daktari asiporidhika. Mkataba utaje jina na namba ya chipu, kazi anayonunuliwa, tabia mbaya zinazojulikana, majeraha na dawa alizopata miezi 12 iliyopita, sindano za viungo zikiwemo, na saa ambayo hatari inahama. Saa hiyo ni muhimu: farasi akipata msokoto wa tumbo njiani, ni wa nani? Bima ianze dakika hiyo hiyo, kabla gari halijaondoka.

Akifika, punguzeni nafaka, mpeni majani yale yale aliyozoea kwa siku chache, na msimrukishe wiki ya kwanza.

Siku ya kumuuza

Farasi wa kijana huuzika vizuri wakati bado anafanya kazi. Familia nyingi zinangoja mpaka mtoto amechoka, farasi hajashindana miezi sita, ndipo zinatangaza. Kila mwezi wa ukimya kwenye rekodi unasomwa na mnunuzi kama tulivyosoma sisi hapo juu. Tangazeni mwanzoni mwa msimu au katikati yake, akiwa na mizunguko mitano sita ya karibuni ya urefu ambao mnunuzi mtarajiwa anauhitaji. Kwa farasi mwalimu, mizunguko sita safi ya mita 1.10 inauza kuliko mmoja wa mita 1.30 wenye fito tatu chini.

Viatu vya chuma viwe vimebadilishwa siku 7 hadi 10 kabla ya majaribio ya kwanza, si jana yake, ili fundi akikosea msumari mmoja ijulikane. Video irekodini nyumbani kwa mwanga wa asubuhi, kijana akiwa ndiye anayempanda. Andikeni kasoro ndani ya tangazo: "hapendi kukatwa manyoya masikioni", "anachomwa sindano ya kiungo mara moja kwa mwaka". Anayekuja akiwa ameyajua hayo habadilishi mawazo baada ya daktari.

Jaribio moja kwa siku linatosha, viunzi 15, na mnunuzi apande baada ya kijana wenu. Msimruhusu mtu kumchukua kwa wiki moja ya majaribio bila mkataba, bima kwa jina lenu na nusu ya bei mkononi. Picha za eksirei za siku mliyomnunua zitoeni pamoja na za sasa: kipande cha mfupa kilichokaa miaka minne bila kubadilika kinamtuliza daktari wa upande wa pili haraka sana, na ndiyo sababu tunasisitiza faili zima litunzwe tangu siku ya kwanza, risiti za fundi wa kwato, chanjo, meno na dawa zikiwemo.